Kiti Kirefu cha Mume Wangu

Jumapili, 2 Machi

Wameanza. Eti mtoto anahitaji kiti kirefu cha kulia. Mkwe ndiye aliyelitoa neno hilo, wakati wa chakula cha mchana, sauti ya chini kama anayeomba chumvi. Mwanangu akaitikia bila kuinua macho kwenye simu. Wamekwisha kupanga hao! Mimi naambiwa mwisho, kama mpangaji.

Nikamuuliza mkwe: mapaja yangu yana kasoro gani? Watoto watano wamelishwa juu ya mapaja haya, mmoja wao ni huyo mumeo, na hakuna aliyelala na njaa. Akasema si hivyo Mama, ni ili upumzike. Nipumzike! Nimechoka na nini? Kusuka viti nimeacha mwaka jana tu, tena kwa kupenda kwangu.

Mjukuu ni mume wangu, ajue hilo. Ana miezi tisa na meno mawili, na anamjua mwenye kijiko. Akiniona na bakuli anapiga makofi. Mama yake akishika kijiko, anageuza shingo. Labda ndilo linalomuuma. Wivu wa uke wenza!

Mwalimu wa kisomo alisema niandike mara kwa mara, herufi zisinikimbie. Leo zimekuja nyingi. Hasira zimenisaidia.

Jumanne, 4 Machi

Bakuli limemwagika. Haya mabakuli ya plastiki yanateleza kama sabuni, nilisema tangu siku yalipoletwa. Uji wote sakafuni. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Mkwe alikuwa mlangoni. Akapiga deki.

Basi.

Jumatano, 5 Machi

Mkwe hakwenda kazini, kule anakouza dawa. Ameomba ruhusa siku tatu. Amemlisha mtoto mwenyewe, asubuhi na jioni. Mama, leo kaa tu. Nimekaa. Mtoto alikula vijiko vitatu, vingine akavitema kwenye kifua cha mama yake. Sikusema kitu.

Nilisema kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda dukani. Mimi, mkwe, na mume wangu mgongoni kwa mama yake. Mwanangu yuko safarini na lori lake, kwa hiyo tulikwenda kwa amani.

Viti virefu vimepangwa mstari kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Muuzaji ni mwanamke wa kucha ndefu nyekundu. Anatuita wateja wangu kabla hatujanunua hata njiti!

Kiti cha kwanza, plastiki nyeupe, miguu imebanana kama ya korongo. Nikakisukuma kwa nyonga. Kikayumba. Yule wa kucha akaruka: Mama, usikisukume! Nikamwambia muuzaji, mtoto hatakuja kukuomba ruhusa. Mtoto akikaa juu anarusha miguu, anajitupa nyuma, anasukuma meza. Miguu ya kiti chake ipanuke kama ya mlevi anayejizuia asianguke. Mkwe akacheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Cha pili kina magurudumu. Ya nini? Mtoto anakwenda wapi, kazini?

Cha tatu kinaning'inizwa kwenye meza. Meza yetu yenyewe imeegemezwa ukutani isidondoke.

Cha nne ni cha mbao, kizuri, siwezi kusingizia. Nikakipindua nikione chini. Usinunue kiti ambacho hujakiona tumbo. Hakina kizuizi cha kupita katikati ya mapaja ya mtoto. Nikamwonyesha mkwe: mtoto anateleza hapa, mwili unakwenda chini, shingo inabaki. Muuzaji akasema hajawahi kupata malalamiko. Nikamwambia aliyekwama shingo atalalamikaje?

Cha tano kina miguu mipana, pa kukanyagia, na mikanda mitano. Mkwe akakipenda. Na mimi karibu nikipende, ila kikalio chake kigumu kama sinia. Mkwe aliuliza habari za mikanda mara tatu. Inafungwaje, inafunguliwaje, mtoto akifurukuta itakuwaje. Mpaka nikasema unafunga mtoto au mzigo?

Muuzaji akaniambia: bibi ajaribu mwenyewe, si ndiye atakayekitumia? Bonyeza kifungo cha mikanda hapo katikati kwa dole gumba.

Nikabonyeza. Hakikubonyea. Nikabonyeza tena. Mkwe ananitazama. Muuzaji ananitazama. Mume wangu naye, kidole mdomoni, ananitazama. Yule wa kucha akagusa tu — ta! — ikafunguka.

Nikasema kibovu. Nikasema vyote vibovu! Mimi nimesuka viti miaka thelathini na minne, simkalishi mjukuu wangu juu ya sinia. Fundi atachonga, nitasuka kikalio mwenyewe.

Njiani mkwe akachukua mkoba wangu bila kuombwa. Nikamnyang'anya. Ukaanguka. Akauokota, akaubeba.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa fundi seremala. Tumefanya kazi pamoja tangu nywele zake ziko kichwani. Yeye anachonga, mimi nasuka. Nilipoingia akaacha randa.

— Mama Ngoma! Bado hujafa?

— Nakusubiri wewe utangulie, uchonge jeneza lako mwenyewe, usije ukawasumbua watu.

Jina hilo alinipa yeye. Kikalio nilichosuka mimi ukikipiga kwa kidole kinalia kama ngoma. Kisicholia sikukitoa mlangoni. Nilikifumua hata kama mwenyewe amesimama nje anapiga miluzi.

Nikamweleza: miguu ipanuke, pa kukanyagia pawepo, kijiti cha kupita katikati ya mapaja kisisahauliwe, pembe zote zipigwe msasa, maana mtoto anatafuna kila kitu. Mikanda hapana. Nitamfunga kwa kitambaa, fundo nalijua. Akaandika yote kwenye kipande cha ubao. Halafu akauliza, na mikono je, bado ipo?

Ipo mahali pake, nikamwambia. Nikaificha chini ya mtandio.

Ijumaa, 14 Machi

Fremu imekuja. Safi! Miguu ya mlevi kabisa. Mkwe amerudi kazini zamu ya mchana. Jirani wa kushoto amekuja "kuzungumza nami", na mtoto muda wote yuko mikononi mwake. Hajawahi kuwa na mazungumzo ya muda wa saa tano huyu. Nani amemtuma, najua.

Nimeloweka henzirani, zile fito za kusukia, tangu alfajiri ili zilainike. Nimeanza kusuka. Nimesuka kidogo.

Jumamosi, 15 Machi

Kikalio kidogo kile, zamani ningekimaliza kabla chai haijapoa. Kimenila siku mbili. Fito nyingine nimevuta kwa meno. Jirani alikuwa ananitazama, nikamwambia ndivyo inavyofanywa viti vya watoto.

Nimekikandamiza kwa dole gumba. Kimekaza. Nimeridhika.

Jumapili, 16 Machi

Leo niandike ukweli.

Tulikuwa wote. Mwanangu amerudi, fundi amekuja kuona kazi yake, amevaa na kofia. Mkwe akamweka mtoto kitini. Mtoto akazama! Matako chini, magoti masikioni, kama kuku kwenye kikapu. Mwanangu akacheka sana. Mtoto akacheka. Mimi pia nilianza kucheka.

Fundi akapiga kikalio kwa kidole. Pu. Kama kupiga godoro. Akapiga tena. Pu. Nikamsubiri aseme. Huyu mtu hajawahi kuacha nafasi ya utani ipite miaka thelathini, siku ya msiba wa marehemu mume wangu alinitania mpaka nikala. Leo akaweka kofia sawa, akasema mti huu wa siku hizi hauna nguvu.

Mti! Kikalio ndicho kimelegea, yeye anasingizia mti. Hapo ndipo niliposikia maumivu. Bora angenitukana.

Dole gumba limenidanganya. Nilidhani linahisi kukaza. Halihisi kitu. Na vidole viwili vinavyofuata. Ganzi, tangu mwaka jana. Ndiyo sababu niliacha kazi, si kwa kupenda. Kitu nisichokihisi nitajuaje kama kimelegea?

Na Jumanne ile niliandika uongo. Kwenye daftari langu mwenyewe, ambalo hakuna anayelisoma! Bakuli halikuteleza. Nilimpakata mtoto, nimemshika kifuani kwa mkono wa kulia, nikanyoosha wa kushoto kuchukua kijiko. Akajitupa nyuma. Mkono ulidhani umemshika. Sikujua mpaka nilipoona miguu yake iko juu. Nikamdaka mguu mmoja kwa kushoto, bakuli likaenda zake. Kichwa chake kilibaki shibiri moja kufika sakafuni. Shibiri moja! Nimeipima baadaye, nilipobaki peke yangu.

Mkwe aliona yote. Nilidhani atapiga kelele mpaka mtaa wa tatu. Alimpokea mtoto, akapiga deki.

Wageni walipoondoka nikamfuata jikoni. Nikamuuliza: umemwambia mumeo? Anasuuza vikombe, hakugeuka. Nimwambie nini, Mama? Bakuli lilimwagika.

Siku kumi na mbili amelibeba hilo. Mimi namwita mwenye wivu.

Na vikombe vitatu kabla ya hapo, vilivyoniponyoka vikavunjika. Alikuwa anaona. Ndipo akataka kiti. Angeweza kusema, Mama, huna mkono. Akasema upumzike.

Lakini najua kinachofuata. Mwanangu akijua ataleta yaya. Mimi nitakuwa pale kwenye kona, natazamwa pamoja na mtoto. Huyu mtoto ndiye kazi iliyobaki. Sina nyingine.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamka, kikalio kimefumuliwa chote. Mkwe yuko sakafuni, henzirani kwenye beseni. Mama, nifundishe.

Nikamwambia hii si ya kujifunza asubuhi moja. Akasema basi tuanze mapema.

Mkaidi huyo. Nikakaa kwenye stuli, nikamwelekeza kwa mpini wa mwiko. Juu, chini, juu. Si hapo! Unaona shimo, unaliruka kama tope? Vuta! Unashona kifungo? Vuta kama unadai chako! Akavuta. Vidole vimekuwa vyekundu, akavitia mdomoni, akaendelea. Sikumhurumia. Mimi nani alinihurumia?

Katikati ya kazi akasema, bila kunitazama, Alhamisi kuna daktari wa mikono kliniki. Nimechukua namba. Nikamwambia vuta.

Jumanne, 18 Machi

Amemaliza. Pembe moja imepinda, nimemwambia. Halafu nikapiga kwa kidole cha mkono wa kushoto, kile kinachohisi.

Kimelia.

Si sana. Ngoma ya mtoto. Lakini kimelia. Mkwe akaruka kama amepasi mtihani, akapiga yeye, akapiga tena, mtoto naye akaanza kupiga. Kelele gani!

Jumatano, 19 Machi

Mume wangu amekula kitini. Nimemfunga kwa kitambaa, mkwe akakaza fundo. Nimelisha kwa mkono wa kushoto. Kijiko cha kwanza kimeingia puani. Cha pili shavuni. Mtoto alinitazama kama anayesema, bibi, mdomo umesahau uko wapi? Akakishika kijiko, akakivuta mwenyewe mpaka mdomoni. Tukaenda hivyo hivyo mpaka bakuli likaisha. Mimi naleta, yeye anapokea.

Mwanangu aliuliza, Mama, siku hizi shoto? Mkwe akadakia, anamfundisha mtoto kutafuta.

Kesho sitaki kwenda. Ataniambia nini huyo daktari ambacho sikijui? Ataniambia usimbebe. Asiposema sijasikia.

Alhamisi, 20 Machi

Nipo. Kliniki, kwenye benchi, nimeegemea ukuta. Daftari nilileta ili nisitazame watu. Namba yangu kumi na nne. Wamefika kumi na moja. Karibu yangu kuna baba amefungwa bendeji mkono mzima, anajisifu alivyoanguka.

Mkwe nimemwambia maneno yangu kabla hatujaingia. Nimemwambia, daktari akisema nisimbebe, nyinyi mtaleta yaya, nisidanganywe. Akasema, Mama, mimi sitafuti yaya. Natafuta mkono. Nikamwambia viatu vyake vina vumbi.

Mtoto hataki kukaa kwa mama yake. Ananinyooshea mikono yote miwili, analia kidogokidogo. Nimejifanya kuandika.

Kumi na mbili.

Mkwe anataka kwenda chooni. Nilidhani atampa yule baba wa bendeji, au yule dada wa mapokezi. Amesimama mbele yangu. Mama, panua miguu. Nikapanua. Akamkalisha mtoto kwenye mapaja, mgongo wa mtoto kifuani kwangu, akachukua mbeleko akatuzungushia wote wawili, mara ya kwanza, mara ya pili, akakaza kama alivyokaza henzirani. Akavuta ncha kuona kama inalegea. Hailegei. Akaenda zake, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Nimekuwa kile kiti cha mikanda cha dukani, imebaki meza tu.

Mtoto amenyamaza. Anatafuna kona ya daftari. Uzito wake nausikia, tumboni, mapajani, kila mahali isipokuwa vidole vitatu. Sijawahi kujua mtoto ana joto kiasi hiki.

Kumi na tatu. Haraka hivi! Yule baba ameingia na kutoka, hajachukua hata dakika mbili, na sifa zote zile.

Mkwe bado.

Kumi na nne. Wananiita mimi. Nataka kusimama, siwezi kusimama nimefungwa. Fundo kalifungia mgongoni, silifikii. Nesi anaita tena, nani kumi na nne? Mtoto amenyoosha mkono juu, kama wa shule —