Koko Anangoja Kuitwa

Muhumba, Bukavu
Tarehe 9 Novemba 1999

Mpendwa Tonton Anaclet, baba yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na nyumba yako yote. Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya Nairobi? Maman Sophie hajambo? Chris na Gloire wanasoma, au wanakusumbua tu? Sisi tungali tunapumua. Mvua inanyesha kila alasiri, na risasi watu wamezizoea hata hawanyanyui tena vichwa. Mimi sijazizoea. Jirani akibamiza mlango, moyo unaniruka.

Tonton, kama umesimama, tafuta kiti. Mama yako, bibi yetu Koko Domitille, tuliyemlilia mwezi wa nane, yuko hai.

Sikutanii. Najua ulinyoa nywele na kusomesha misa huko. Barua yako ya maombolezo ilinifikia, ile uliyoniomba nikuandikie habari za watu waliofungua kilima cha Kashozi, ili watoto wako wajue wametoka kwa nani. Nitakuandikia, kwa sababu bila watu hao hutaelewa ukaidi wa mama yako. Lakini ninaandika na hofu, maana kuna jambo ambalo ni wewe tu unayeweza kulifanya, na hatujui tumebakiwa na muda gani.

Waambie watoto hivi. Zamani kule juu, kushoto kwa barabara ya Kamituga, hapakuwa na mtu. Ilikuwa mianzi, ukungu na chui. Babu yao Mushagalusa alimpelekea mwami, mtawala wetu, ng'ombe, akapewa mlima, na watu wa bondeni wakamcheka kwamba amenunua baridi. Migomba yake ya kwanza ilikufa yote. Yeye alitaka kurudi chini. Mkewe ndiye aliyekataa. Koko alipanda maharagwe kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaupanda kwa kufikiri, na mwaka ule wakala. Nyuma yao akaja Polycarpe, katekista, akajenga kanisa la nyasi na kutundika rimu ya lori iwe kengele. Mwishoni akaja Agnès, mkunga, mjane asiye na mtoto wake mwenyewe. Mikono yake ilikupokea wewe, ikampokea baba yangu, ikanipokea na mimi. Sisi wengine tulizaliwa tukakuta moto umeshawashwa.

Wanaume wawili hao walikufa kwa uzee, katika vitanda vyao, neema ambayo siku hizi mtu anaiombea. Walibaki Koko na Agnès.

Mwezi wa nane wenye silaha walipanda Kashozi. Mfanyabiashara mmoja wa Kamituga alifika hapa na pikipiki, amejaa matope hadi machoni, akatuambia nyumba ya Koko imeungua na ndani amelala bibi kizee. Nani angeuliza bibi kizee yupi? Tulilia. Tulitoa magodoro nje, wanawake wakanyoa, watu wakaja hadi kutoka Kamanyola. Barabara ilikuwa haipitiki, kwa hiyo hatukungoja kuona kaburi. Tulifunga kilio, tukanywa pombe ya ndizi, tukatawanyika. Haraka haraka haina baraka, Tonton. Tulijua msemo huo, na hata hivyo tukafanya haraka.

Barabara ilipofunguka kidogo, kaka yangu Aganze alipanda na msalaba wa mbao begani, umeandikwa jina la Koko vizuri kabisa. Akamkuta analima maharagwe. Usiku ule wa moto alikuwa amelala kwenye kibanda cha shamba kufukuza nguruwe-mwitu. Agnès alikuwa anaumwa homa, na Koko alimwachia kitanda chake. Ni Agnès aliyeungua.

Aganze alidondosha msalaba, akapiga magoti, akamsihi washuke pamoja Bukavu. Koko aliusoma msalaba kwa vidole, maana herufi hajui, akauliza ni wa nani. Alipoambiwa, alimjibu maneno haya, nayo hayanitoki:

"Mulinililia miye, mukakula, mukakunywa. Na Agnès, ule mwenye kuwazalisha ninyi wote, nani alimulilia? Miye siwezi ingia mu nyumba yenye walishatoka kunizika. Mutoto wangu wa kwanza aniite, nitaitika."

Unaijua desturi ya wazee wetu kuliko mimi. Aliyeliliwa na kilio kikafungwa harudi nyumbani kwa miguu yake tu. Mwanawe wa kwanza humwita jina lake, naye akiitika ndipo anahesabiwa tena miongoni mwa walio hai. Baba yangu, Papa Lucien, alipanda mwenyewe, na presha yake ile, akasimama mbele ya kibanda akamwita hadi sauti ikakauka. Koko alimpa viazi vya kuchoma akamwambia yeye ni wa pili. Nilicheka aliponisimulia, kisha nikaenda chumbani kulia.

Agnès tumemlilia sasa. Tulikaa nje kama inavyotakiwa, na kina mama aliowazalisha walijaa uani. Hilo deni la machozi tumelimaliza.

Limebaki lako. Sikuombi uje, mipaka unaijua, na sitaki kulilia watu wawili. Barua nayo haifai, Koko anasema karatasi haina mdomo. Nakuomba kaseti. Maman Aurore anayekuletea barua hii anauza vitenge, atarudi wiki ijayo kupitia Uganda. Ongea kwenye kaseti, umwite mama yako kwa jina lake lote, jinsi ulivyomwita ulipokuwa unatoka shule. Radio tunayo, betri tumenunua. Aganze atapanda nayo.

Usichelewe, Tonton. Wale watu wamerudi. Wamepiga kambi kwenye kanisa la Polycarpe, na kutoka pale kibanda cha Koko kinaonekana. Analala humo peke yake, na asubuhi anawasha moto, moshi unapanda wazi wazi. Kila anayeshuka kutoka huko namuuliza kama ameuona moshi. Juzi mmoja alisema hakuangalia, na nilishindwa kula.

Papa Lucien anakusalimu, anasema amekusamehe kuzaliwa wa kwanza. Aganze anakusalimu, na binti yangu Sagesse, na majirani wote wa Muhumba. Mungu awafunike ninyi huko, na amfunike yule kule juu mpaka sauti yako ifike.

Koko peke yake hakutuma salamu. Alimwambia Aganze kwamba maiti hasalimu mtu, anangoja asalimiwe.

Ni mimi binti wa mdogo wako, ninayekupenda na kukuhimiza,

Cibalonza