Anatoli wa Gervasi Yupo

Gungu, Kigoma
24 Mei 2015

Mdogo wangu Anatoli,

Pokea salamu za Gungu. Mimi mzima, ukiacha goti na hili tumbo ambalo shemeji yako Yusra analiita mpangaji wa nane, kwa kuwa gesti yangu ina vyumba saba. Wewe na baridi ya Winnipeg mnavumiliana?

Meli imeanza tena kushusha watu wanaokimbia Burundi. Juzi nilishuka bandarini nikamkuta mama mmoja ameshika kipaza sauti, anaita majina. Nikasimama kama mjinga. Nilijiona mimi wa mwaka tisini na sita, na spika yangu na betri la gari, na wewe umekaa juu ya gunia ukingoja dada yako Leonia aitike. Wiki sita ulilala kwetu Rusimbi, ukamaliza samaki wa marehemu mama, migebuka yote, dada hakuitika.

Sasa shida yangu. Nimeweka tangazo la gesti mtandaoni, pale watu wanapotafuta vitu. Hela imeisha kwa siku mbili na mgeni sijamwona. Si ndiyo kazi yako hiyo? Niokoe kabla Yusra hajauliza.

Kaka yako,
Swaibu


Winnipeg
2 Juni 2015

Kaka Swaibu,

Shikamoo. Amahoro kwako, kwa shemeji na kwa mpangaji wa nane. Sisi huku wazima.

Nimeingia kwenye akaunti yako nikacheka hadi wenzangu ofisini wakageuka. Umenunua neno moja, “vyumba”, ukaliacha wazi lilinganishwe na chochote. Umeonyeshwa kwa waliotafuta vyumba vya kupanga Mwanza, ramani za nyumba za vyumba vitatu, na mapazia. Kila aliyebonyeza, umelipa wewe. Sasa nimeyafunga maneno kwenye mabano ya mraba: [gesti Gungu Kigoma]. Utatokea kwa aliyeandika hivyo tu. Na usigombee “hoteli Kigoma”. Neno linalotakiwa na wengi ni mnada, na wenye hoteli kubwa watakupandishia bei mpaka uuze vitanda.

Kaka, kuna jambo sijawahi kukwambia. Mwaka wa tatu huu nanunua jina la Leonia. Nimelifunga kwenye mabano, kwa nchi zote zinazoizunguka Burundi. Hakuna anayeshindana nami, senti moja inatosha. Ila halijaonyeshwa kwa mtu hata mara moja. Naye hawezi kunipata: huku kila karatasi yangu imeandikwa Feliksi, jina la mwana wa mama Catherine, jirani wa kambini aliyenipa nafasi ya mwanawe kwenye kadi yake ya ukimbizi. Desemba ikiisha nitalifunga tangazo lenyewe.

Mdogo wako,
Anatoli


Gungu
11 Juni 2015

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi tunakula vizuri, maana mabano yako yameleta wageni wawili wa kulipa na mmoja wa kulia njaa.

Sasa mwalimu wangu kaa chini nikufundishe. Unaikumbuka wiki yangu ya kwanza na ile spika? Nilikuwa naita, “Rozalia! Dismasi!” Uwanja kimya. Yule Hadija muuza maandazi akaniambia, “Swaibu, unawaita kama polisi. Mtu amekimbia bunduki, akisikia jina lake kwenye spika si anaingia chini ya turubai? Muite anayetafuta, wenzake watamfuata.” Ndipo nikaanza: “Selestini wa Nyanza yupo, anatafuta watu wake.” Watu wakainuka.

Wewe unafanya kosa langu lilelile, tena kwa kompyuta. Nani anakaa akajitafuta mwenyewe? Unanunua jina lake. Yeye kama yu hai anaandika lako, lile alilokujua nalo. Nunua “Anatoli Gervasi”, kwa jina la baba yenu, na “Anatoli Rumonge”, kwa mji wenu. Andika vile nilivyokuwa nikikuita. Weka na namba yangu, mtu mwenye hofu ataiamini ya Kigoma kuliko ya Kanada.

Kaka yako,
Swaibu


Winnipeg
27 Desemba 2015

Kaka Swaibu,

Shikamoo. Tu wazima, theluji imefika dirishani.

Nilifanya ulivyosema. Kichwa cha tangazo hakiruhusiwi kuzidi herufi ishirini na tano, na “Anatoli wa Gervasi yupo” imeingia bila kusukumwa. Miezi sita sasa, hakuna aliyeliona. Naamka, nafungua ripoti, naona sifuri. Nimechoka kuamkia sifuri, kaka. Alhamisi nafunga tangazo.

Mdogo wako,
Anatoli


Gungu
28 Desemba 2015

Mdogo wangu,

Salamu utanisamehe, nitazileta siku nyingine.

Siku lori lilipokuchukua kwenda kambini nilizima spika. Niliwaza, mwenye kutafuta kaondoka, nimalize betri kwa ajili ya nani? Sikuita jina lako tena. Hilo limenikaa tumboni pamoja na mpangaji wa nane.

Umenifundisha mwenyewe kwamba lisipobonyezwa hulipi kitu. Mimi betri lilikuwa linaisha hata asipoitika mtu. Wewe lako haliishi. Ripoti usiifungue, lakini tangazo liache.

Kaka yako,
Swaibu


Winnipeg
17 Machi 2016

Kaka, shikamoo.

Limebonyezwa. Mara moja, kutoka Mbarara, Uganda. Nakupigia, simu yako haipatikani. Umeme umekatika huko? Kaichaji popote.

Anatoli


Gungu
18 Machi 2016

Mdogo wangu Anatoli,

Sisi wazima. Umeme ulikatika, nikaichaji kwa fundi redio. Ilipowaka tu, ikalia.

Mwanamke. Hakutaja jina. Akauliza, “Wewe ndiye wa spika?” Nikasema ndimi, ila nimenenepa. Hakucheka. Akasema, “Basi sema.” Nikasimama mbele ya duka la watu, na umri huu, nikaita kama zamani: Anatoli wa Gervasi wa Rumonge yupo, anatafuta watu wake. Wapita njia wakasimama. Kwenye simu nikasikia kilio.

Ni Leonia. Alishuka Kigoma siku nne baada ya lori lako. Siku nne, mdogo wangu. Hadija wa maandazi ndiye aliyemwambia spika ilikuwa inasema nini, ila lori likamchukua kabla hajanifikia, na kambini hakuna aliyemjua Anatoli; sentensi hiyo ameishika miaka yote. Simu ya mtandao amenunua wiki hii, kitu cha kwanza kuandika ni wewe.

Namba yake nimekutumia. Barua pepe hii usiijibu, mpigie, ameketi na simu mapajani.

Na tangazo usilifunge leo. Liache siku nne, zile nilizonyamaza mimi.

Kaka yako,
Swaibu