Kravati ya Mwalimu Ilunga

Mjukuu wangu Kabwe,

Jambo sana kutoka Kapata. Mama yako amepona malaria, na dada yako amejifungua mtoto wa kike. Unauliza kwa nini huko Likasi, kwenye mafunzo yenu ya usalama, wanawakimbiza ninyi walimu wazima hadi kwenye kitufe cha kuzima mashini, tena na tena, kama batoto.

Nilipokuwa mwalimu kijana, tuliitwa kwenye mafunzo ya usalama mu ateliye, karakana ya shule. Mkufunzi wetu, Mama Ngoie, alituuliza kitufe hicho kiko wapi. Sote tulikionyesha, tukicheka. Mwenzetu Ilunga alikuwa amevaa kravati, tai ndefu ya shingoni.

"Tata, vua hiyo," Mama Ngoie alimwambia.

"Mi nimezoea, mama."

Ilunga akainama juu ya mashini ya kuchonga chuma. Mara kravati ikanaswa na chuma kilichokuwa kikizunguka, kichwa chake kikavutwa chini mbele ya macho yetu. Kabwe, hakuna aliyesogea! Walimu wazima tulisimama tukipiga kelele tu, mpaka Mama Ngoie aliporuka akazima mashini.

Ilunga alikaa sakafuni akishika shingo, sauti imemkauka. Mama Ngoie akatugeukia.

"Bichwa yenu inajua," akasema. "Mikono bado."

Mchana ule wote tulifanya mazoezi ya kukimbilia kitufe. Wa kwanza kusimama alikuwa Ilunga. Alikimbia huku akilia, na hakuna aliyemcheka.

Mungu akutunze, mwalimu wangu.

Nkambo wako,
Kasongo