Kasanduku Ketu Kamepewa Ruhusa

Nakivale, Isingiro

Baba mupenzi,

Kabla ya yote niambie: kile kifua cha baridi kimekuachilia? Na Mama, magoti yanamuruhusu kushuka mpaka kanisani? Sisi tuko hai. Batoto wanasoma, mihogo imeshika vizuri, na mimi nimerudi jana kutoka Mbarara na habari ambayo imekataa kukaa moyoni. Kwa kuwa huko mulimani kwenu hakuna rezo ya simu, naiandika, na muchungaji anayeenda Uvira ataibeba.

Unajua nafanya kazi huko Mbarara katika atelie ya Bwana Tumwine, Munyankore anayetengeneza matanki ya kupoza maziwa. Tulitengeneza kasanduku kadogo, ndani muna kadi ya simu. Kanakaa juu ya tanki. Maziwa yakianza kupata moto, kanatuma ujumbe kwenye simu ya mulinzi wa tanki kabla hayajaharibika. Wewe uliyemwaga maziwa mingi kwa kukosa fasi ya kuyapeleka, utaelewa.

Lakini kitu kama hicho huwezi kukiuza vile unauza sufuria. Kampuni ya simu lazima ikubali kukiingiza kwenye rezo yake, na ofisi ya serikali ya mawasiliano ihakikishe mawimbi yake hayasumbui vyombo vingine. Kampuni ilikajaribu, ikakarudisha na barua: chombo chenu kinachosha minara yetu, kikikosa rezo kinaita na kuita bila kupumzika.

Fundi aliyeandika programu yake alikuwa ameacha kazi, na simu yetu hapokei. Bwana Tumwine akakaa juu ya kreti.

"Riziki, hii kitu tuache," akasema. "Ama tuuze hivi hivi. Watu wanauza tu bila karatasi."

"Bosi, siku wakizima kadi zetu, maziwa ya watu yataharibika na wao wanatuamini. Nipe wiki mbili."

"Wewe kazi yako ni kuchomelea nyaya. Programu utaiweza?"

"Sijui. Nipe tu."

Nikakaleta huku kambini Nakivale, fasi rezo inakuja na kwenda. Nilikaweka kwenye benchi mbele ya nyumba, nikawa naangalia kataa kake kadogo kanavyowaka na kuzima, na kuandika katika daftari la shule. Mama Neema, jirani yetu aliyetoka Fizi, akacheka.

"Riziki, kale kasanduku unakachunga kama mutoto wa homa?"

"Kanaumwa kweli," nikamujibu.

Siku ya tatu nikaona. Rezo ikikatika, kanajaribu tena kila sekunde, na masanduku mia yangefanya hivyo kwa pamoja. Nikakukumbuka wewe na ng'ombe kwenye maji, vile ulizizuia zisishuke zote mara moja. Nikaandika upya: kakikataliwa, kangoje dakika moja, kisha mbili, kisha nne, na kila sanduku liwe na zamu yake. Nilikosea mara mingi. Siku moja kalinyamaza kabisa tangu asubuhi, nikalia nikiosha vyombo. Kesho yake nikaanza tena, na kakanitii.

Kampuni ikakubali. Ikabaki serikali, tukaitwa Kampala, tukaenda na karatasi za vipimo na daftari langu. Afisa alikuwa mama mumoja wa miwani. Aliuliza kwa Kiingereza, nikajibu kwa Kiingereza changu cha Nakivale.

"Kifaa cha simu kilicho ndani kilikwisha kupimwa huko kilikotengenezwa. Kwa nini mmekipima tena?"

"Tulibadilisha antena. Karatasi ya waliokitengeneza ni ya antena yao, si ya yetu."

Akainua macho. "Nani aliandaa hivi vipimo?"

Bwana Tumwine hakungoja. "Ni huyu."

"Wewe ni mhandisi?"

"Hapana, Mama. Mimi ni mkimbizi. Nimejifunzia kazini."

Alifungua daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Kisha akasema polepole, "Kuna wahandisi wananiletea karatasi chafu kuliko hizi."

Ruhusa imetoka. Juzi tulifunga kasanduku ka kwanza kwenye tanki la Kaberebere. Mchana umeme ukakatika, na hakuna aliyejali, maana huku hukatika kila mara. Baada ya muda simu ya mama anayelinda tanki ikalia. Akasoma, akaacha chai yake na kukimbilia jenereta. Jioni maziwa yalipanda lori yakiwa baridi. Nilisimama pembeni kama mutu asiyehusika, na moyo wangu unaruka.

Munisalimie Mama, kaka yangu Amani aliyebaki na ng'ombe, na Koko mama yako; umwambie bado naimba nyimbo zake.

Neno moja limebaki. Kwenye ile karatasi ya ruhusa kuna fasi ya jina la fundi atakayeulizwa juu ya chombo. Bwana Tumwine alitaka kujua aniandike vipi, maana huku wote wananiita Riziki tu. Nikamwambia aandike jina lote, pamoja na lako. Kwa hiyo, Baba, sasa uko Kampala, ndani ya kabati la serikali, na hata mupaka hujavuka.

Nakupigia magoti kwa heshima, mimi binti yako,

Riziki Byamungu