Kamyo ya Mama Mwanaidi

Jumatatu, tarehe 8
Asubuhi mtaani Kasuku. Plagi za pikipiki, nyaya za breki, cheni mbili. Vyombo vyangu vyote juu ya turubai kando ya soko. Wiki ya tatu tangu nitoke Kasongo. Watoto wangu wako kwa dada yangu, salama.
Saa nane akaja mjane mmoja wa mtaa wa Mikelenge, Mama Mwanaidi. "Njo wewe mwanamuke fundi?" Ndimi. Ana kamyo, lori kuukuu la mizigo. Haijatembea tangu vita.
Nimeenda kuiona. Majani yameota hadi dirishani. Nzuri sana! Injini nzima, ila pampu ya mazuti, yaani dizeli, haipo. Mahali pake pako wazi kama pengo la jino. Jumamosi wanunuzi wa vyuma watakuja kuikata vipande vipande. Watoto wake wamekwisha kukubali. Yeye hajakubali.
Nimesema ndiyo kabla ya kufikiri.

Jumanne, tarehe 9
Nimehamia kwake. Nimefyeka majani, nimefukuza nyuki, nimemwaga mazuti ndani ya silinda ili pistoni zilegee. Mchana wali na sombe ya majani ya muhogo. Anapika vizuri kuliko mimi, na hachoki kuniambia hivyo.
Jioni pistoni zikasogea kwa mkono. Nimepiga kelele peke yangu.

Jumatano, tarehe 10
Nimezunguka Kasuku yote. Pampu ya kamyo ya zamani hivi haipatikani. Labda Kisangani, na Jumamosi itapita kabla haijafika.
Mama Mwanaidi hakushangaa. Anasema aliyeiiba anamjua: Ramazani, shofa aliyeendesha kamyo ya marehemu mume wake. Siku askari walipokaribia, mume alikimbilia msituni na mke wake na watoto, akafa hukohuko kwa homa. Waliporudi, pampu haipo. Ramazani aliiuza, basi. Sasa anaishi Alunguli, ng'ambo ya mto, analima mboga. Hawajasalimiana tangu siku hizo.
Nimeuliza kama kuna mtu aliyemwona akiiuza. Amenyanyuka, ameenda kupepeta mchele.
Nina hasira. Sijui na nani.

Alhamisi, tarehe 11
Nimevuka kwa mtumbwi. Sikumwambia Mama. Nilikuwa na woga, kwa sababu unamwendeaje mzee wa watu ukamwuliza habari za wizi?
Mzee Ramazani alikuwa akimwagilia mboga zake za lengalenga. Nikamwambia mimi ni fundi, niko kwenye kamyo ya Mikelenge. Akaweka ndoo chini.
"Ile pampu iko hapa," akasema. "Marehemu njo alinipa. Alisema bila pampu hakuna askari ataendesha kamyo yake, na nisimwambie muntu, hata bibi yake, wasije wakamutesa aseme."
"Na baada ya vita, Baba?"
"Nilienda kumwambia. Akaniita mwizi mbele ya watu, hata sijafungua kinywa. Nikarudi."
Akaleta debe. Pampu iko ndani ya mafuta safi ya injini. Kila mwaka anayabadilisha! Nikalia palepale kwenye mboga zake. Hakutaka kunipa niende nayo. Anataka kuileta mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 12
Amekuja baada ya swala, kanzu nyeupe, debe mkononi. Mama Mwanaidi alisimama mlangoni na mwiko. Nilidhani atampiga.
Mzee akaweka debe chini, akatoa pampu. Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha shati la mistari. Mama akalitambua: shati la marehemu mume wake. Akakaa chini, kwenye udongo. Baadaye akaingia ndani, akarudi na maji ya kunywa, akampa kwa mikono miwili.
Tumefunga pampu mpaka jua linazama. Mzee anakumbuka kila alama ya ile injini. Furaha tupu.

Jumamosi, tarehe 13
Wanunuzi wamefika asubuhi, nyundo na misumeno. Betri nimeazima kwa mwenye mashine ya mpunga.
Mara ya kwanza: kimya. Mmoja wao akacheka.
Nimelegeza nati za mabomba, hewa itoke. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu moshi mweusi, kuku wakaruka, na injini ikanguruma! Mama Mwanaidi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mzee Ramazani kwenye usukani, machozi na meno nje. Hata wale wenye misumeno walipiga makofi, kisha wakasukuma pale gurudumu lilipozama. Kamyo ikafika barabarani.
Nimecheza mbele ya watu. Sijutii.

Jumapili, tarehe 14
Sina kazi leo. Nimefua, nimelala kidogo.
Wazee wawili wamekaa kivulini tangu asubuhi. Mzee anamsimulia Mama habari za mume wake siku ile alipomkabidhi pampu: alivyochana shati lake kuifunga, alivyotania, alichosema kuhusu mke wake. Mama hajawahi kuyasikia. Miaka yote hiyo maneno hayo yalikuwa ng'ambo ya mto tu.
Nimechukua ndoo, nimekwenda kuchota maji, taratibu, nisiwakatize.