Mahali Nimeacha Peupe

Kwako ndugu yangu Kariuki,

Habari za huko Molo? Mvua imekuja, ama baridi bado inachoma viazi waru? Na Baba anakula? Usinidanganye vile huwa unanidanganya kwa simu. Mimi mwili uko sawa. Nikisikia sauti yako nalia tu, ndio maana nimeandika. Chebet, rafiki yangu wa hapa anayerudi likizo, atakuletea hii barua pamoja na picha.

Unajua niliomba ruhusa nije tumzike Mama. Madam akasema pole, lakini mpaka mkataba uishe, na pasipoti yangu anaiweka yeye. Ningefanya nini? Nililia chooni, nikanawa uso, nikaenda kumwogesha mamake. Aki Kariuki, mimi naogesha mama wa wenyewe, na wangu alioshwa na watu wa mochari.

Huyo nyanya si mbaya. Anapenda kuchora lakini mkono umeanza kutetemeka, basi juzi akanisukumia brashi na rangi zake za akriliki, akasema, "Chora kwenu." Mimi! Si shuleni mlikuwa mnauliza kama ng'ombe wangu ni meza? Lakini nikachora. Vilima nikavipanga kimoja nyuma ya kingine, vya mbali nikavitia bluu na kijivu. Miti ya Baba ya saipresi nikaifanya myembamba, mirefu kuliko ilivyo, imeinama. Anga nikaipaka zambarau nzito. Nyanya akauliza, "Kwani kwenu hakuna jua?" Nikamwambia Molo jua huja kama mgeni.

Sasa sikia kosa langu. Mkono ulijiendea tu, ukachora moshi ukitoka jikoni kwa Mama. Nimemaliza ndio nikakumbuka: huo moto umewashwa na nani? Nikashika kitambaa nipanguse. Wapi! Akriliki haingoji mtu, ilikuwa imeshakauka. Nyanya akaniambia nipake rangi ingine juu yake. Nilishindwa, Kariuki. Nikaketi nikiuangalia tu.

Na kaburi sikuchora. Nitachoraje na sijui mlimlaza upande gani? Kwa zile picha mlinitumia naona watu na hema peke yake. Chini ya saipresi nimeacha mahali peupe.

Mimi ndiye kifungua mimba. Udongo wa kwanza ulikuwa wangu kutupa, na sikutupa. Hiyo ndiyo inanimaliza.

Nisalimie mke wako, na nyanya yetu shosho, na jirani yetu Mama Njoki aliyewapikia siku ile, Mungu ambariki. Baba mwonyeshe picha, lakini akiuliza kuhusu moshi, mwambie ni ukungu.

Halafu nisaidie na kitu kimoja. Beba picha uende nayo mpaka kwa Mama. Chota udongo wa hapo, uloweshe kidogo, uupake na kidole pale peupe. Umwambie huo ni wa Wanjiru. Sema kwa sauti, unajua masikio yake.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Wanjiru