Ratiba ya Dada, Damu ya Mama

Swahiba, nimeishiwa nguvu. Damu ya mama imeharibika kabla ya kupimwa!

Unaikumbuka ratiba aliyoitunga dada chuoni, ya ile mashine ya mwanga inayotambua magonjwa? Kipimo kifupi kitangulie, kirefu kisubiri. Maprofesa walimpigia makofi, namkumbuka kila mmoja wao.

Sasa damu ya mama imepelekwa kwenye mashine hiyo hiyo, na kipimo chake ni kirefu. Kila vifupi vikiingia, chake kinarudi mkiani. Siku TISA!

Leo dada akamwangukia fundi wa mashine: “Kaka yangu, mpitishe mama tu.”

Fundi akajibu: “Mwalimu, si wewe uliyetufundisha ratiba hii na kutukataza upendeleo? Na damu yenyewe imeshaharibika.”

Siku tisa, swahiba! Na daktari hatoi dawa bila majibu.

Dada akarudi nyumbani, akamweleza mama huku analia. Mama akapandisha mkono wa gauni: “Toa nyingine, mwanangu. Ila safari hii nipangie kipimo kifupi.”